Picha ya gofu bila jina, mahali na tarehe inamsaidia nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, hili jambo ninalo moyoni muda mrefu na naona gazeti lina nguvu ya kulisukuma kuliko mimi kubaki nalalamika na jamaa zangu. Ni kuhusu picha za majengo ya kale, magofu, makaburi ya zamani, kuta za mawe, zile picha ambazo watu wanapiga wakiwa wanazunguka mashambani na porini huko mbali na miji, halafu zinaishia kwenye simu na kwenye magrupu ya WhatsApp na nyingine zinafika mpaka magazetini. Mimi pia ni mpigaji na nazipenda sana hizo picha. Tatizo unakuta chini yake pameandikwa "gofu la kale" basi imeisha, hakuna jina la mahali, hakuna tarehe, hakuna jina la aliyepiga, hata hujui ule ukuta ulikuwa wa msikiti au kanisa au ngome au nyumba ya mtu tu. Na mara nyingi kuna mtu amesimama katikati kaziba mlango mzima, kitu kimekaa karne na karne kimegeuzwa pazia la kupigia picha.

Sisemi watu wasijipige, wajipige na wawapige watoto wao, ni kumbukumbu zao na ni haki yao. Ninachosema ukishafika pale, umetembea juani, umepita kwenye majani na miiba, basi piga na picha nyingine kwa ajili ya jengo lenyewe, na ukirudi andika ni wapi na lini. Maana majengo ya kale yaliyo nje ya miji mengi hayana mlinzi, mvua inaingia kwenye kuta, mizizi inapasua mawe, watu wanabeba matofali wakajengee kwingine, na siku ukuta ukidondoka inawezekana kabisa picha pekee iliyobaki duniani ni ya kwako wewe uliyepita pale kutembea.

Wapo watakaoona natia chumvi. Waangalie Bamiyan kule Afghanistan. Machi 2001 Taliban walilipua sanamu mbili za Buddha zilizochongwa kwenye jabali, kubwa ilikuwa na urefu wa mita kama 55 na ndogo mita 38, zilikuwepo pale zaidi ya miaka 1,000. Baadaye watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, wakatengeneza modeli ya kompyuta ya ile sanamu kubwa kwa kutumia picha tu, hawakuwa na kingine. Walitumia picha za watalii walizozikuta kwenye intaneti na pia picha chache zilizopigwa mwaka 1970 na mtaalamu wa Austria anaitwa Robert Kostka kwa kamera ya upimaji. Za watalii zilisaidia kutoa umbo, lakini vipimo vya kuaminika na mikunjo ya lile vazi la sanamu vilipatikana kwenye picha za Kostka, kwa sababu yeye alipiga akijua anapima. Mimi hapo huwa nawaza, hivi wale watalii wote waliopita Bamiyan miaka yote ile kama kila mmoja angepiga picha mbili tatu za ziada kwa utulivu, sasa hivi tungekuwa na nini?

Na hii kazi sio ya jana. Mwaka 1851 kule Ufaransa tume ya serikali ya majengo ya kihistoria iliwatuma wapiga picha watano mikoani, Baldus, Bayard, Le Gray, Le Secq na Mestral, wakapige makanisa na majengo ya kale kabla hayajakarabatiwa au hayajaanguka kabisa. Fikiria kamera za wakati ule, mzigo mtupu, dawa za kusafishia picha unabeba mwenyewe barabarani. Baldus alifika Arles kwenye ua wenye matao wa kanisa la Saint-Trophime, ndani giza, nje mwanga mkali, kamera haiwezi kushika vyote viwili kwa mara moja, basi akapiga vipande vipande, kila kipande na mwanga wake, karibu negativu kumi, akaviunganisha kwa mkono mpaka ikawa picha moja ambayo unaona nguzo zenye kivuli na pia unaona nje kwenye jua. Leo simu inafanya kitu cha aina hiyo yenyewe kwa kubonyeza mara moja na bado tunarudi na picha ambayo mlango ni doa jeusi!

Mjerumani mmoja, Albrecht Meydenbauer, mwaka 1858 alikuwa anapima kanisa kubwa la Wetzlar, kazi ya kupanda juu na kamba za kupimia, nusura aanguke afe. Baada ya hapo akasema kwa nini nisipime kwenye picha nikiwa nimekaa chini salama, na ndo huko fotogrametria ya majengo, yaani kupima jengo kwa kutumia picha zake, ilikoanzia, na mwaka 1885 ikaundwa taasisi nzima ya serikali Berlin ikiongozwa na yeye kwa kazi hiyo. Vita vya Pili vya Dunia vilipoharibu majengo mengi Ujerumani, zile picha zake za zamani zikatumika kuyarudishia. Alishafariki kitambo. Zilitumika kwa sababu alizipanga, kila picha ilijulikana ni jengo gani na upande gani.

Sasa nije kwenye kile mtu wa kawaida mwenye simu anaweza kufanya, maana hapa ndo penye kazi.

Chukulia umekuta tao la mlango limebaki peke yake katikati ya shamba, ukuta wa kushoto umeshaanguka, wa kulia upo nusu. Watu wengi wanapiga kutoka chini kwa kuinua simu juu ili tao lionekane refu, inapendeza lakini nguzo zinaonekana zimeegemea nyuma zinakutana juu, na hakuna anayeweza kujua kama ukuta wenyewe umeinama kweli au ni simu ndo iliinama. Rudi nyuma. Rudi nyuma zaidi mpaka tao lote liingie na ardhi kidogo chini, shika simu wima isilale, ndo upige. Kisha piga sehemu lilipo, kwa mbali, shamba lionekane, mlima au mto au barabara ionekane, kwa sababu miaka ijayo mtu atatafuta pale palikuwa wapi na tao litakuwa halipo. Zunguka upande wa nyuma, huko ndo hakuna mtu anapiga, na huko ndo unaona ukuta ulivyojengwa, mawe ya ndani, chokaa, matundu ya boriti, alama za ghorofa iliyokuwepo. Sogea kwenye nakshi. Sogea kwenye ufa. Ufa upige ukiwa umeweka kitu pembeni cha kuonyesha ukubwa, rula ikiwepo nzuri, isipokuwepo hata kalamu, ila kiegemeze bila kubandika wala kukandamiza, na piga moja yenye hicho kitu na moja isiyo nacho. Mwakani mtu mwingine akipiga ufa huohuo kwa namna hiyohiyo, wakarabati watajua umepanuka au umetulia. Picha kama hiyo haipati like hata moja na kwangu mimi ndo ya thamani kuliko zote.

Ukiwa na muda na chaji, zunguka jengo taratibu ukipiga mfululizo, kila picha iingiliane na iliyotangulia kama asilimia 70 hivi, hatua ndogo ndogo, usikae sehemu moja ukageuza simu tu, bali sogea wewe mwenyewe. Picha hizo zinaingizwa kwenye programu za kompyuta inatoka modeli ya 3D ya jengo zima. Siku ya mawingu ndo nzuri kwa hiyo kazi maana hakuna vivuli vikali.

Ila kwa nakshi na maandishi yaliyofutika ni kinyume chake, unataka jua la pembeni. Saa sita mchana maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe yanapotea kabisa, unaona jiwe tupu, lakini jua likiwa chini asubuhi au jioni likapita juu ya jiwe kwa kulikwaruza hivi, kila mchongo unatoa kivuli chake na herufi zinaibuka zenyewe. Great Zimbabwe ni hivyohivyo, ule ukuta mkubwa wa nje wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, sehemu nyingine unafika mita 11 kwenda juu, upande wa kusini-mashariki kule juu kuna mistari miwili ya mawe yaliyopangwa zigizaga. Jua la asubuhi likipita pembeni unaona kila jiwe limelala namna gani, mchana ni ukuta wa kijivu tu. Na kama huwezi kusubiri jua, tochi ya simu ya mwenzako ikiwashwa kutoka pembeni wakati giza linaingia inafanya kazi ileile, bora kuliko fleshi ya mbele ambayo inaua kila kitu.

Hapo sasa kuna jambo linaniuma kweli mhariri, na naomba mlichapishe hata kama mtapunguza mengine. Watu wanaharibu vitu ili wapate picha. Wanapitisha chaki kwenye michongo ili ionekane. Wanamwagia maji, wengine hata soda, kwenye michoro ya miambani ili rangi zikolee kwa dakika mbili za kupiga picha, michoro imekaa maelfu ya miaka na kila maji yakikauka yanaacha chumvi juu yake na yanaondoka na rangi. Wanasugua jiwe kutoa ule ukungu mkavu wa kijivu na rangi ya chungwa, hawajui kwamba wanaondoa na uso wa jiwe pamoja nao. Wanapanda juu ya kuta zilizolegea apate pembe nzuri, jiwe moja linatoka, na ukuta usio na chokaa ukitoka jiwe moja la juu mengine yanafuata. Mtu akikwambia michoro haionekani bila maji, mwambie ipo programu inaitwa DStretch, aliitengeneza Jon Harman mwaka 2005 mahsusi kwa michoro ya miambani, unapiga picha kavu ya kawaida bila kugusa kitu, unaiingiza mle, inavuta rangi ambazo jicho halizioni tena na wanyama na watu wanatokea kwenye mwamba uliodhani ni mtupu. Wataalamu wenyewe wanaitumia. Kwa hiyo sababu ya kumwagia maji haipo tena, imekufa.

Na ruhusa jamani. Eneo kuwa gofu haimaanishi halina mwenyewe. Shamba lina mwenye shamba, na kuna sehemu watu bado wanazika, bado wanaomba, bado wanatambika. Uliza kwanza, salimia, sema unataka kupiga nini, ukiambiwa hapa usipige usipige. Faida yake nyingine mwenyeji ndo anajua jina la lile jengo na ndo anakumbuka paa liliondoka lini, hayo maneno yaandike palepale kabla hujaondoka, kwa sababu picha inaonyesha ukuta tu na yeye ndo anajua nani alikaa ndani.

Droni sitaongelea sana, nchi nyingi zina sheria zake na maeneo mengi ya kihistoria yanakataza kurusha bila kibali, fuata. Ila faida zake siwezi kuzikataa. Julai 2018 ukame ulipokausha mashamba kule Ireland, Anthony Murphy na Ken Williams walirusha droni karibu na Newgrange, kaburi la mawe la kale sana, wakaona kwenye mazao duara kubwa limejichora, mabaki ya uzio wa kale ambao chini huoni chochote, sababu mazao yaliyoota juu ya mitaro ya zamani iliyofukiwa yalibaki kijani wakati mengine yamekauka. Hawakuwa wameenda kuchimba, walienda kupiga picha. Tena kupiga kutoka juu sio kugeni, Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale kule Uingereza, ilipigwa picha kutoka kwenye puto mwaka 1906.

Nimeitaja Stonehenge nirudi kwenye tarehe, maana ndo kiini cha barua yangu. Pale kuna jiwe kubwa lililokuwa limeegemea likanyooshwa mwaka 1901, na kuna mawe matatu, mawili wima na moja la juu, yalianguka 1797 yakasimamishwa tena 1958. Ukipewa picha ya kale ya pale yenye tarehe unaweza kufuatilia hatua kwa hatua nini kilifanyika na nini ni cha tangu zamani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni hivyohivyo, magofu yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakaondolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati. Sasa mtu ana picha ya ukuta wa Kilwa bila tarehe, ni kabla ya ukarabati au baada? Ile sehemu iliyoanguka ilianguka kabla au wakati gani? Picha ni nzuri, rangi nzuri, bahari inaonekana nyuma, na mkarabati haimsaidii chochote.

Watu watasema simu inahifadhi tarehe na eneo yenyewe. Ni kweli, inahifadhi ndani ya faili, kama hujazima na kama saa ya simu iko sawa. Lakini ukituma hiyo picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, hizo taarifa zinafutwa na picha yenyewe inabanwa inapungua ubora, na yule aliyetumiwa akituma tena ndo basi kabisa. Itume kama dokumenti, inafika nzima. Halafu badilisha jina la faili, badala ya IMG na namba weka jina la mahali, upande wa jengo na tarehe. Sifa zake kwamba ni boring nazijua, ni dakika tano tu. Na zisikae sehemu moja, simu inaibiwa, inaangukia majini, weka nakala nyingine kwenye kompyuta au diski, na zilizo bora peleka makumbusho ya karibu au idara inayohusika na mambo ya kale au ziweke kwenye shindano la Wiki Loves Monuments, lilianza Uholanzi mwaka 2010 na sasa nchi nyingi zinashiriki, humo picha inawekwa kwa leseni ya wazi na mtu yeyote anaweza kuitumia akitaja aliyepiga.

Kuna kitu kimoja hapa najua watu watanipinga na wana haki. Ukiandika mahali hasa, na ramani, unawafungulia njia wezi wa mali za kale na wachimbaji wanaotafuta dhahabu ambayo haipo. Nimelifikiria sana hili. Naona tofauti iwe hivi: jengo ambalo tayari linajulikana, lina kibao na mlinzi, andika kila kitu. Kaburi au mwamba wenye michoro ambao hauna ulinzi, kwa wataalamu wa mambo ya kale wape eneo kamili, kwa umma taja wilaya au ukanda tu, na kabla ya kuposti ondoa eneo kwenye faili lenyewe na angalia usiache alama za njia kwenye picha. Nakala ya kwako yenye taarifa zote unabaki nayo nzima. Kuficha kabisa sikubaliani nako, kitu kisichojulikana kikibomolewa hakuna hata wa kuuliza.

Ndo nakuja kwenu sasa. Ombi langu kwa gazeti ni dogo na halina gharama. Mkipokea picha ya jengo la kale kutoka kwa msomaji au mwandishi msiichape mpaka awape mambo manne, jina la jengo kama wenyeji wanavyoliita, mahali, tarehe iliyopigwa na jina la aliyepiga, na yote manne yachapwe chini ya picha hata kwa herufi ndogo. Za zamani mlizonazo kwenye maktaba yenu ambazo hazina maelezo, chapeni moja moja kila wiki mkiwauliza wasomaji pale ni wapi, wazee wapo, watajibu, na wengine watatoa na picha zao kwenye masanduku. Na picha ikionyesha mtu amekaa juu ya ukuta wa kale au michoro imelowa maji, naomba sana msiichape hata kama ni nzuri kiasi gani, sababu wiki inayofuata kuna kijana mwingine ataenda kukaa palepale.

Mkikubali kuanza, mimi nina picha zenye maelezo kamili nitawatumia, kama dokumenti, bure, msinilipe kitu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenzi wa mambo ya kale